Nguva Aliyeinua Mashua

Kiita-nguva hakikuwa kikubwa. Kililingana na kifuu cha nazi, cheusi, kimeng'ang'ania chini ya tumbo la mashua kama kupe. Lakini kilipolia, bahari ilisikiliza. Abiria hawakusikia kitu, maana sauti yenyewe ilipita majini. Waliona tu, kupitia sakafu ya kioo, nyasi za bahari zikitengana na mnyama mnene wa rangi ya majivu akija mbio. Ndiye nguva, ambaye babu zao walimwona mara moja maishani wakamsimulia mpaka wanaingia kaburini.

"Huyo, amefika," akasema Somoe Famau, kama anayempokea mgeni wa harusi.

Somoe ndiye aliyekiunda kifaa kile. Meli ya matembezi ilikuwa imetia nanga nje ya visiwa vya kaskazini, meli isiyo na moshi, inayokula jua na kuongozwa na akili unde. Hata mashua zake hazikuhitaji nahodha. Zilijua njia zenyewe, zikasema na watu kwa adabu. Safari ya kwanza ya kutazama wanyama ilitoka saa moja asubuhi, ya pili saa nne, na hii ya saa nane mchana ilikuwa ya tatu. Mara zote aliyekuja ni nguva yule yule, jike mwenye pengo kwenye mkia. Abiria walimwita Bi Karibu.

Siku hiyo, kati ya abiria kumi na wawili, alikuwamo shangazi yake Somoe, Bi Mwanakheri, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu. Alikuja na leso mpya, doti nzima, moja kiunoni na moja mabegani. "Nataka kukiona hicho ulichokisomea miaka kumi na moja," alisema alipopanda. Tangu waiache meli alikuwa akiwategea watu vitendawili.

"Mwenye nyumba hajatoka nyumbani hata siku moja, na dunia yote ameizunguka."

Bwana Onduso, fundi wa mitambo mstaafu aliyependa mzaha, alikuna kichwa. "Tumeshindwa, mama. Tumekupa mji."

"Mji gani?"

"Kisumu."

"Nimekwenda Kisumu, nimekula samaki wao wote, miiba nimewaachia paka, nimerudi. Jibu ni kasa."

Wakacheka. Na wakiwa bado wanacheka, mashua ikainuka kidogo, kama iliyopigwa bega kutoka chini, kisha ikatua.

"Anacheza nasi," akasema Onduso, akitoa kamera.

Bi Mwanakheri aliinama juu ya kioo. Nguva alikuwa ameweka pua yake chini ya kiita-nguva. Akasukuma juu. Akangoja. Akasukuma tena. Mbavu zake zilihesabika, na nyasi zilikuwa tele chini yake wala hakuzigusa.

"Somoe," akasema polepole, "huyu hachezi. Mimi nimezaa saba. Huyu anapandisha mtoto juu apate pumzi."

Somoe alijishughulisha na kamba ambayo haikuwa na shida yoyote.

"Hicho kidude kinalia kwa sauti ya nani?"

"Ya nguva, shangazi."

"Nguva ana umri. Ana mama." Akamtazama kitambo, kisha akawageukia wenzake. "Kitendawili."

"Tega!"

"Marehemu anabisha hodi, mzazi anafungua mlango."

Onduso akajaribu, "Upepo?" Hapana. "Mwangwi?" Hapana. "Basi, mama, tumekupa Mombasa nzima, na bandari yake."

"Mji wa leo siutaki," akasema Bi Mwanakheri. "Jibu analo Somoe."

Uso wa Somoe uliwaka kama uliopigwa na mvuke wa sufuria. Angeweza kucheka, akasema shangazi amechoka na jua. Tangu wiki ya pili ya safari hizi alijua kwamba jike yule haji kwa udadisi, akanyamaza. Lakini aliyemuuliza ndiye aliyemfundisha kusema.

"Ni sauti ya mtoto wake," akasema. "Miaka miwili iliyopita nilimkuta amenasa wavuni, analia. Nilikuwa na kisu. Nilikuwa na kinasa sauti pia, na hakuna mtu aliyewahi kupata sauti safi kama ile. Nikasema ninase dakika mbili tu, kisha nikate wavu."

"Ukakata?" akauliza Onduso.

"Nilikata. Alikuwa ameshakufa."

Onduso aliitia kamera mfukoni, akakosa pa kuweka mikono yake. Mwanamke mmoja alifuta picha alizopiga, moja baada ya moja.

Somoe akapeleka kidole kwenye swichi, akasita. Kwa miezi mingi kifaa kile kilikuwa kikimdanganya mama kwamba mwanawe yu hai. Akikizima, atamuua mtoto mara ya pili, na safari hii mamaye akiwa pale pale. Akakizima.

Chini ya kioo nguva akasimama. Akazunguka mashua mara moja, kisha tena, kwa haraka zaidi.

Ndipo mashua ikasema kwa sauti yake tamu: "Wageni wapendwa, mpungieni mkono Bi Karibu. Safari ya nne ni saa kumi."

Hakuna aliyepunga.

"Futa safari ya nne," akasema Somoe.

"Naomba sababu ya kufuta."

"Andika kuna msiba."

Bi Mwanakheri alivua leso ya mabegani, leso mpya isiyoguswa na maji, akaitandika juu ya kioo mpaka pembeni. "Ondoeni macho," akasema. "Mfiwa hatazamwi hivi."

Hakumtazama Somoe. Somoe akapiga magoti, akashika pembe moja ya leso isipeperuke. Na chini ya leso kitu kikaiinua mashua, taratibu, kwa mara nyingine.