Kura Tano Zilizovimba

Kila alfajiri saa kumi na moja, rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya bweni iligongwa kwa chuma, na wavulana wa darasa la saba wakaamka kwenda kupigana. Shule yao, nje kidogo ya mji wa Maramba, ilikuwa na bomba moja la maji na utaratibu mzuri sana wa foleni, ulioandikwa ukutani kwa rangi nyekundu na kupuuzwa na kila mtu. Mwenye kiwiko kigumu alinawa uso. Mwenye kiwiko laini aliingia darasani na tongotongo zake.

Fanueli alikuwa na kiwiko cha kawaida tu, lakini alikuwa na rafiki mrefu anayeitwa Yona. Yona hakupenda ugomvi. Alisimama tu nyuma ya Fanueli na ndoo zao mbili, akamtazama kila mtu kwa upole kutoka juu, na watu wakakumbuka kwamba walikuwa na shughuli mahali pengine.

Amani hii ndogo ilivunjika siku Mwalimu Hasina alipotangaza safari. Mwalimu Hasina alikuwa mwalimu wa darasa, amehamia kutoka Singida mwezi wa kwanza.

"Tutakwenda Tanga mjini kwa siku mbili," alisema. "Jumamosi tutatembea mjini, tutaona majengo ya zamani na bandari, kisha gari litatupitisha barabara ya ufukweni kule Raskazone. Tutalala kwenye shule moja ya Nguvumali. Jumapili tutachagua jambo moja: Mapango ya Amboni, au matembezi ya gari kwenye barabara ya Pangani, kutazama mashamba ya mkonge na bahari. Pangeni wenyewe. Ninyi si watoto tena."

Ni huzuni kuandika hivi kuhusu mwalimu mzuri, lakini hapo alikosea.

Kabla ya chakula cha mchana darasa lilikuwa limegawanyika. Chama cha Mapango kiliongozwa na Hosea, mvulana mwenye shingo nene, aliyeamini kwamba hoja isiyoeleweka mara ya kwanza huelezwa kwa ngumi. Chama cha Pangani kiliongozwa na Fanueli, katibu wa kamati ya safari.

"Pango ni shimo tu," Fanueli alisema. "Ukitaka shimo, nenda nyuma ya choo."

"Na wewe unataka kutazama mkonge?" Hosea akajibu. "Mkonge si umejaa hata huku! Au unakwenda kuwasalimia mbigili wenzako?"

Jumatatu ile watu wawili walipasuka midomo. Jumanne mtu mmoja alisukumwa kwenye pipa la uji, bahati nzuri uji wenyewe ulikuwa umeshapoa. Jumatano pande zote mbili zilikutana nyuma ya stoo zikiwa na maboriti ya mkonge, ile milingoti ya maua yake iliyokauka. Boriti la mkonge ni jepesi, likimpiga mtu huvunjika lenyewe, lakini hupiga kelele ya kutisha, na vijana walipigana kwa ushujaa mkubwa hadi silaha zote zikawa vipande. Kisha wakaendelea kwa mateke. Pua ya Fanueli ilitoka damu tangu saa kumi hadi saa kumi na moja. Yona alikaa naye kwenye ngazi za bweni, akimkamulia kitambaa chenye maji.

"Wee Fanueli," Yona alisema, "barabara ya Pangani ina nini hasa?"

"Ina mandhari," Fanueli akajibu, akitazama pembeni.

Hakusema ukweli. Kando ya barabara ile kulikuwa na shamba la mkonge, na katika kambi ya shamba hilo aliishi mama yake, aliyefanya kazi ya kuanika nyuzi. Fanueli hakuwa amemwona tangu Januari. Likizo ya Juni darasa la saba lilibaki shuleni kwa masomo ya ziada, na mama hakupewa ruhusa kazini. Gari la shule likipita barabara ile, lingepita mbele ya geti la mama yake. Lakini kiongozi wa chama hawezi kusimama mbele ya jeshi lake na kusema amemkumbuka mama. Hivyo ndivyo Fanueli alivyofikiri, na hivyo ndivyo balaa lilivyoanza.

Mwalimu Hasina aliona midomo na pua, akaamuru kura. Katika shule ile kura hazikupigwa kwa karatasi, kwa sababu mwandiko wa mtu hujulikana, na anayejulikana hupigwa. Zilipigwa kwa punje, zilezile zinazopikwa makande. Kila mwanafunzi alipewa punje moja ya mahindi na moja ya haragwe. Akaingia nyuma ya blanketi, akadondosha moja kwenye kopo, nyingine akaitupa dirishani. Mahindi yalikuwa Mapango, maharage yalikuwa Pangani. Kura zilipigwa mapumziko ya saa nne, kopo likafungiwa kabatini, na zingehesabiwa baada ya chakula cha mchana. Ufunguo wa kabati alishika katibu.

Katibu alikwenda kuchungulia. Mahindi ishirini na mawili, maharage ishirini.

Fanueli alisimama mbele ya kabati akiwaza atapata wapi maharage. Maharage mengine yalitupwa dirishani, lakini kuku wa shule walikuwa wameshayamaliza. Akazunguka jikoni. Pale mlangoni kulikuwa na ndoo ya maharage yaliyolowekwa tangu asubuhi kwa ajili ya makande ya jioni, na Yona, ambaye ilikuwa zamu yake, alikuwa akichochea moto. Fanueli alichovya mkono, akachota punje tano, akazifuta kwa shati. Alipoinua macho alikuta Yona anamtazama.

"Njaa," Fanueli alisema.

"Mabichi hayo," Yona alisema.

Dakika mbili baadaye mahindi matano yalikuwa mfukoni mwa katibu, na maharage matano koponi. Jumla haikubadilika, na Fanueli alijiona ana akili nyingi sana.

Baada ya chakula Mwalimu Hasina aliitwa ofisini kupokea simu, akasema, "Hesabuni, nakuja." Yudith, msichana makini ambaye hakuwa wa chama chochote, alimwaga kura mezani. Akahesabu mahindi kumi na saba na maharage ishirini na matano. Chama cha Pangani kikaanza kushangilia.

"Subirini," Yudith alisema. Alikuwa ameshika haragwe moja kati ya vidole viwili. "Mbona hili limevimba?"

Akatenga moja, akatenga la pili. Yalikuwa matano. Yalikuwa manene mara mbili ya wenzao, na ngozi imejikunja kama vidole vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Hata mtoto wa darasa la kwanza angejua yametoka kwenye ndoo.

"Nani alikuwa zamu jikoni?" Hosea akauliza.

Vichwa vyote vikageuka.

"Nilikuwa mimi," Yona alisema. "Lakini..."

Hakumaliza. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni, na hapo hapo meza ikapinduka. Walimrukia watu wanane, kisha kumi na watano, hata wale wa Pangani, kila mmoja akitaka kuonekana kwamba anachukia wizi kuliko mwenzake. "Mwizi! Mwizi wa kura!" Wakamvuta miguu. Mtu akampiga kwa dawati, mwingine kwa kiatu chenye kisigino. Urefu wa Yona haukumsaidia kitu, kwa maana mtu akiwa chini hana urefu. Hakurudisha hata pigo moja. Aliweka mikono kichwani, na katikati ya miguu ya watu jicho lake moja lilimtafuta Fanueli, likamwona.

Yona alikuwa anajua. Kwa neno moja tu angewaelekeza wote kwa mwingine. Hakulisema.

Fanueli alikuwa mlangoni. Alijiambia watachoka. Alijiambia mwalimu anakuja. Kisha Hosea akaruka kutoka juu ya benchi na kutua kwa magoti, na ikasikika sauti kavu, kama kijiti kikivunjwa kuwashia moto. Yona akapiga ukelele.

"Ni mimi!" Fanueli alilia. "Mwacheni! Ni mimi!"

Hakuna aliyesikia. Akajitupa juu ya lile rundo, akauma mkono wa mtu, akapigwa kichwani, akatambaa hadi akamlalia Yona, na mateke yaliyokuwa ya Yona yakawa yake. Aliendelea kupiga kelele, "Ni mimi! Nilichota mimi!" hadi teke moja lilipokawia, na la pili likakosa kuja.

Mwalimu Hasina aliingia akifuatwa na dereva wa shule, Mzee Suleimani. Alitazama damu sakafuni, kisha mkono wa Yona ulioelekea upande usiofaa. Mzee Suleimani alimbeba Yona hadi garini, naye alikuwa mtu wa miaka sitini.

Jioni, Yona alipokwisha kufungwa plasta hospitalini, darasa zima lilikusanywa. Fanueli alisimama mbele, jicho moja limefumba, akasimulia yote. Hata habari ya mama yake aliisema.

"Ungesema tu," Yudith alinong'ona. "Mimi ningekupa kura yangu."

"Hata mimi," alisema Hosea, akitazama magoti yake kana kwamba si yake. "Mimi nina mama pia."

Mzee Suleimani, aliyesimama mlangoni, akakohoa. "Mwalimu, samahani. Hivi watoto hawa walikuwa wanagombania nini?"

Wakamweleza.

"Lakini mapango yako jirani na njia yetu ya kwenda mjini," akasema. "Jumamosi asubuhi tunakata kona, tunayaona, tunaendelea na safari. Jumapili yote inabaki ya Pangani. Mimi naosha gari hapo nje kila siku. Hakuna aliyeniuliza."



Uamuzi ulitoka kesho yake. Gari lisingeondoka bila Yona, basi safari ilisubiri wiki sita mkono uunge. Wote waliompiga walimwomba radhi mmoja mmoja mbele ya baba yake, na walimchotea maji kwa zamu. Hosea alimfulia nguo. Fanueli alivuliwa ukatibu, akawa mwandishi wa Yona: kila somo aliandika mara mbili.

Waliyaona mapango, wakauona mji. Jumapili gari lilisimama mbele ya geti la kambi, na mwanamke mwenye kanga ya bluu, aliyekwisha kupewa habari ya safari, akaja akikimbia na kifurushi mkononi.

"Shikamoo, mama," Fanueli alisema.

"Marahaba, mwanangu! Umekonda!"

Mwalimu Hasina alimshika Fanueli begani. "Mweleze kwanza," alisema. "Yona akiwepo."

Akamweleza, hakuacha kitu. Uso wa mama ulibadilika polepole. Akainua mkono, Fanueli akafumba macho akingoja kofi. Halikuja. Mama alikuwa ameushika mkono wa Yona, anapapasa pale ulipounga, na machozi yanamtoka. Kisha akampa Yona kifurushi chote. Kilikuwa na mikate ya kumimina, ile ya unga wa mchele, bado ina joto.

Mwalimu Hasina akawageukia wanafunzi waliokuwa wakichungulia madirishani. "Fanueli alidanganya, nanyi mkapiga kabla ya kuuliza," alisema. "Uongo ule ulimfikia Yona kwa mikono yenu. Mtu mkweli husema haja yake hata kama atachekwa, na mtu mwenye akili huuliza kabla ya kukunja ngumi. Kumbukeni hivyo mtakapokuwa wakubwa, kwa sababu wakubwa huvunja zaidi ya mkono."

Yona alifungua kifurushi, akala mkate mmoja taratibu, akala wa pili. Yona hakuwa malaika. Alitafuta mkate mdogo kuliko yote, akaugeuza kuhakikisha, akampa Fanueli.