Nioe Kabla ya Upasuaji

"Hiyo pamba mkononi ni ya nini?"

Fundi aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Alikuwa ameketi kwenye benchi la maabara, kiwiko amekikunja. Aliyesimama mbele yake ni mchumba wake, Daktari, aliyekuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya ubingwa wa maradhi ya ini na upandikizaji katika hospitali hiyohiyo.

"Nimepima. Naweza kumtolea dada."

Dada yake ndiye aliyemlea. Sasa alikuwa amelazwa juu wodini, macho ya manjano, tumbo limejaa maji, ini limekwisha kabisa. Tumaini lililobaki ni mtu mwenye afya amkatie kipande cha ini lake. Kila wiki Daktari aliwaeleza ndugu za wagonjwa jambo hilo kwa sauti tulivu. Siku hiyo sauti ilimkimbia.

Alimvuta Fundi hadi kwenye ngazi akammwagia yote: damu kuvuja, nyongo kuvuja, watoaji wachache ambao hawakuamka tena. Fundi, mshona makochi asiyependa maneno mengi, alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikia," Daktari akanong'ona. "Kila mtoaji huulizwa akiwa peke yake. Ukisema hutaki, familia inaambiwa tu kwamba hufai. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

Akashuka ngazi, akamwacha pale.

Daktari alikwenda kwa Profesa, mwalimu wake, akamweleza kwamba mtoaji ni mchumba wake. Profesa alimshukuru kwa ukweli, akamwondoa kwenye matibabu hayo papo hapo, akamkataza hata kugusa faili. Jioni ujumbe wa Fundi ukaingia:

"Nyongo mkalia ini wangu, utaninunia mpaka lini? Sikukuambia naenda kupima kwa sababu ningeuona uso wako ningeghairi."

Daktari alimpigia mama yake akitafuta wa kumuunga mkono, akampata kupita kiasi.

"Achana naye mapema," mama alisema. "Mwanamume aliyekatwa ini ni mzigo. Sikukusomesha uje kuuguza mume."

Kumbe hofu ikitoka kinywani mwa mtu mwingine inanuka. Daktari aliona aibu kwanza, kisha hasira zikampanda.

"Mama, ini linakua tena. Na mimi simwachi."

"Basi kwenye harusi yako usiniite."

"Sawa, mama."

Kesho yake alimkuta Fundi karakanani, amepiga magoti mbele ya kochi, misumari midomoni.

"Nioe kabla ya upasuaji."

Fundi akaitema misumari kiganjani. "Na nisipoamka? Unataka ujane?"

"Usipoamka nitalia, niwe mke au nisiwe. Lakini nje ya chumba cha upasuaji sitaki kukaa kama mgeni. Wakitoka kuita mke wa Fundi, nataka kusimama mimi."

"Mama yako je?"

"Amekataa. Nimekuja hivyohivyo."

Fundi alimtazama, akacheka, akajipangusa vumbi la sponji. Wiki hiyohiyo walisimama mbele ya msajili wa ndoa. Dada aliombewa ruhusa ya kutoka wodini, akashuhudia akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akimwita Daktari "wifi" kila baada ya neno, kana kwamba anaogopa ndoa itafutika kabla wino haujakauka.

Siku ya upasuaji Daktari alivua koti jeupe, akaketi na ndugu wengine. Alijua kila hatua ya mle ndani, na kujua huko kulimtesa. Hatimaye mlango ukafunguliwa.

"Mke wa Fundi?"

Akasimama.

"Ameamka. Na ini la dada limeanza kutoa nyongo; linafanya kazi."

Hapo ndipo alipolia.

Siku chache baadaye, Daktari akiwa anamgeuza mumewe kitandani, mama yake aliingia na chupa ya supu. Hakumsalimia binti. Alimwangalia mgonjwa, akaangalia bandeji, akaketi pembeni ya kitanda.

Fundi akajikokota ainuke. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lala, mkwe wangu," mama akasema, akifungua chupa. "Mimi huyu binti alishanishinda. Naona ameolewa na mbishi mwenzake."