Nilimwambia Mizani Iko Sifuri

Nina umri wa miaka ishirini na saba. Nilifunzwa tiba ya mionzi chuoni, nikarudi kwetu Kericho katikati ya miaka hii ya tisini, nikiamini kwamba uaminifu wangu ungetosha...

Niliajiriwa katika hospitali ndogo yenye mashine moja kuukuu ya kuchoma saratani ya ngozi kwa mionzi. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, nilipaswa kuweka kipimio chini yake, kuiwasha, na kuandika nguvu yake daftarini.

Rael alikuwa mchuma chai wa Kiptere, aliyezaliwa na ualbino. Jua la shambani lilikuwa limemwachia kidonda cha saratani karibu na jicho la kushoto. Siku ya kwanza alinikuta nikipima, akacheka.

"Kumbe wewe ni kama karani anayetupimia majani ya chai! Sisi hatutundiki gunia kabla mshale haujarudi sifuri. Mizani iko sifuri, kijana?"

"Iko sifuri, mama."

Tangu hapo aliniuliza hivyo kila alipokuja, ndipo alale kitandani.

Kisha wagonjwa wakazidi, wengine wakitoka Litein na Ndanai. Mkubwa wangu alinikejeli kwamba mashine si ng'ombe, haikondi usiku. Asubuhi moja, foleni ikiwa imefika mlangoni, niliandika "kama jana" bila kupima. Kesho yake nikarudia. Je, dhambi huanza na kishindo? Yangu ilianza na maneno mawili.

Katika siku hizo nilitoa mashineni kibati kinachopunguza ukali wa mionzi, nikifute vumbi. Nikakisahau ndani ya droo. Kipimio kingenifichulia kosa hilo asubuhi iliyofuata... lakini sikukigusa kwa wiki mbili.

Rael alikuja mara tatu.

"Sifuri?"

"Sifuri, mama."

Ngozi yake ikawa nyeusi, ikapasuka. Hapo ndipo nilipopima, nikaona mionzi imezidi maradufu. Wengine walioungua walipona. Yeye aling'olewa jicho.

Mkubwa wangu alitaka tuseme kwamba ugonjwa ulikuwa umekaidi dawa. Nilinyamaza mwezi mzima, nikila na kusali kama mtu mwema! Hatimaye nilibeba daftari hadi Kiptere. Rael hakujua kusoma, akaniambia nimsomee. Nikasoma: kama jana... kama jana... kama jana...

Alipangusa kidonda kwa ncha ya leso.

"Karani akinidanganya," akasema, "kesho yake nachuma tena. Jicho nitalichuma wapi?"

Nilifunga daftari, nikarudi hospitalini.

Niliandika ukweli wote, nikautia sahihi, nikaacha kazi. Ndugu msomaji uliyekabidhiwa kupima chochote kwa niaba ya wengine, iwe dawa, breki au maziwa, nakusihi: siku kalamu yako itakapotaka kuandika "kama jana", iweke chini, ukapime. Kuna mtu amekuuliza, naye atalala kitandani kwa sababu ya jibu lako.