Tundu la Mzee Reino

Kila Jumamosi Mzee Reino huwasha jiko la sauna, chumba cha kuogea mvuke kilichomo nyumbani mwao. Yeye na mkewe Lempi huoga humo mpaka wawe wekundu kama nyanya, kisha hunywa kahawa. Jumapili mzee huchukua shoka, akapanda ngazi, akavunja barafu iliyoning'inia ukingoni mwa paa. Ana miaka sabini na minne, na nyonga moja ya chuma.

Majira ya baridi yaliyopita aliteleza. Alitua kwenye rundo la theluji, miguu juu. Lempi alicheka kwanza, akalia baadaye. Safari hii aliificha ngazi nyuma ya kuni, na mzee akaipata. Asipoivunja barafu maji hudondoka kitandani, akasema, au alale na mwavuli?

Ndipo akaja mjukuu wao, Annika. Yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea fizikia ya nishati na mazingira. Babu yake hajawahi kuyamaliza maneno hayo yote. Yeye husema tu, anasomea joto.

"Joto halisomewi, mjukuu wangu," alimwambia, akimkatia mkate wa iliki. "Joto huwashwa."

"Na likishawashwa linakwenda wapi, Babu?"

Mzee akamkatia kipande kingine.

Annika alikuwa ameazima chuoni kamera inayoonyesha joto. Penye baridi huonyesha buluu, penye joto rangi ya chungwa. Akawatoa nje wote wawili, akaielekeza kwenye paa. Lote buluu, isipokuwa juu ya sauna. Hapo palikuwa na duara la chungwa, kama kiini cha yai.

Akauliza kuna nini darini. Lempi akamjibia mumewe: mzee alitoboa tundu kwenye dari ya sauna, ili joto lipande likayeyushe theluji.

Annika hakucheka. Alichukua kijiti, akachora kwenye theluji. Paa likipata joto, theluji huyeyuka. Maji hushuka mpaka ukingoni, kwenye baridi, yakaganda. Barafu huwa ukuta. Maji yanayofuata hukwama hapo, yakapenya chini ya vigae, yakaingia ndani.

"Kumbe barafu ninayoivunja naitengeneza mwenyewe," mzee akasema taratibu.

"Tena kwa kuni ulizopasua mwenyewe," Lempi akamwongezea.

"Hukukosea sana, Babu. Joto kweli hupanda. Ila tunalitaka ndani, siyo darini."

Kazi ilichukua siku mbili. Waliziba tundu na kila ufa. Wakatandika darini sufi ya kuzuia joto, nene kama godoro, wakaacha hewa ya baridi ipite chini ya paa. Mvuke wa sauna wakautolea nje kwa bomba.

Februari theluji ilianguka wiki nzima. Paa likabaki jeupe, ukingo hauna barafu, kitanda kikavu. Jirani akapita, akaona theluji ya paa haijayeyuka hata kidogo, akauliza kama wamehama.

"Tumo," alijibu Mzee Reino kutoka barazani. "Siku hizi tunasomea joto. Tuko mwaka wa pili."

Ngazi anayo Lempi. Anaanikia taulo.