Aliyebisha Ndani ya Printa

Printa ilibisha mara tatu, na Jovitha, kwa kuwa alilelewa vizuri, akajibu, "Karibu."

Kisha akajicheka. Mteja aliyesimama mbele yake hakucheka.

Ilikuwa mchana, Kirumba jijini Mwanza, kwenye steshenari ndogo alikoajiriwa Jovitha, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Mteja alikuwa mwanamke aitwaye Dorotea, ametoka Kisesa na flashi yenye faili moja.

"Nimezunguka maduka yote," alikuwa amesema. "Wananiambia halifunguki."

"Ni kweli, dada, hili halifunguki. Limehifadhiwa tayari kwa kuchapwa. Unalituma tu kwenye printa, kilichomo utakiona kikishatoka. Na linataka printa ya aina yake. Bahati yako, hii yetu ya zamani inafanana nayo."

Jovitha alilinakili kwenye kompyuta akalituma. Ndipo ikasikika ko, ko, ko, kutoka ndani ya mashine. Baada ya kukaribishwa, karatasi moja ikatoka, tupu, imelowa, inanuka tope la ziwani.

"Pole, dada. Nijaribu tena?"

"Inatosha." Dorotea alilipa kwa simu. Alimtazama mtoto aliyekuwa akicheza chini ya meza, machozi yakamlenga, akaondoka bila karatasi yake.

Mtoto alikuwa Koku, bintiye Jovitha, anayekaribia miaka mitatu na hajasema neno. Baba yake alikwenda machimboni Geita, na simu yake ilizimika tangu mvua za mwaka jana. Jovitha hakuwa na ndugu Mwanza. Alikuwa na Mama Akelo tu, muuza uji wa jirani, aliyeleta kikombe cha ziada kila asubuhi na kumfundisha Koku adabu.

"Hodi, hodi! Mgeni akibisha tunasemaje, mjukuu?"

Koku alificha uso.

"Hata karibu ninyimwe? Basi narudi na uji wangu!" Lakini kikombe alikiacha.

Siku zilizofuata Koku alianza kulala mchana bila kubembelezwa. Jovitha aliinama chini ya meza, akaona kipande cha karatasi kikimpepea mtoto usoni, polepole, na hewa imetulia tuli. Aliogopa, lakini hakumwondoa. Ilikuwa zamani mno tangu mtu amsaidie kulea. Alimaliza chai yake ikiwa bado ya moto. "Asante," alinong'ona, bila kujua anamwambia nani.

Kisha Koku akawa anamega andazi na kunyoosha nusu kwenye kivuli cha meza, na nusu ile hairudi. Viganja vyake havikukauka. Harufu ya tope ilimwingia nyweleni, sabuni ikashindwa kuitoa. Mama yake alipomwita, hakugeuka. Aligeukia kule kwenye kivuli, kama ambaye ameshaitwa na mwingine.

Jioni moja Jovitha aligeuka kumpa mteja chenji, na alipogeuka tena chini ya meza hapakuwa na mtu, palikuwa na michirizi ya maji tu iliyotoka nje, ikapita mbele ya jiko la uji la Mama Akelo, ikateremka kati ya vichanja vya dagaa, naye akaifuata mbio huku akiita jina ambalo mwenyewe hakulijali tena, mpaka akamwona Koku ziwani, maji yakimfika kifuani, mkono mmoja umeinuliwa juu kama wa mtoto anayevushwa barabara na mtu mzima.

Mama Akelo ndiye aliyemfikia kwanza. Aliingia majini na viatu vyake, hakuuliza kitu.

Usiku Jovitha alipiga namba iliyolipia ile kazi.

"Dada Dorotea, uliniletea nini?"

Kikasikika kilio cha chini. "Nisamehe, mdogo wangu. Na mimi nina mtoto. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi, husindikizwa. Litume lile faili kwenye printa nyingine. Atatoka hapo aende akabishe huko. Wakimjibu karibu, ameshakuwa wao."

"Na wasipomjibu?"

"Sijui. Wewe ulijibu upesi."

Asubuhi alilinakili faili kwenye flashi, akaenda nayo kwenye steshenari nyingine yenye printa kama ile. Binti wa pale, Sabina, alikuwa mjamzito na peke yake. Aliinuka kwa shida akampisha kwenye kiti chake, kilikuwa kimoja tu.

"Kaa kwanza, dada, unatetemeka. Lete flashi nikusaidie."

Jovitha akaifumbata mkononi. "Samahani, mdogo wangu, nimekosea duka."

Alirudi. Bosi wake, Luhaga, alikuwa safarini, na chumba chake cha nyuma kilikuwa na kompyuta na printa nyingine ya aina ile ile, zilizounganishwa kwa waya na kompyuta ya mbele. Jovitha aliziwasha, akafunga chumba kwa ufunguo, akampakata Koku, akalituma faili kwenye printa ya kule ndani, mahali pasipo na mtu wa kujibu.

Ko, ko, ko.

Alijiziba mdomo. Hodi zikarudi, kwanza za upole, kisha za haraka, kisha mlango ukawa unagongwa kwa chini, kimo cha mtoto, na maji yakaanza kupenya kizingitini yakinuka tope, na ndani yake kilio chembamba cha aliyeachwa nje peke yake, kilio ambacho Jovitha alikijua, kwa sababu mwaka mzima na yeye alikuwa akibisha kwenye simu ya mumewe na hakuna aliyeitika, na neno likampanda mpaka kwenye meno, akaling'ata pamoja na kidole chake mpaka damu ikatoka.

Pakanyamaza.

"Koku," aliita. Mtoto akageuka, akamtazama.

Alifuta faili na kuichoma flashi. Lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kusema karibu.

"Hodi, Mama Koku! Ni mie, uji unapoa!" Mama Akelo aliita mlangoni kwake, asubuhi baada ya asubuhi. Jovitha alikaa kitandani, kiganja kwenye mdomo wa mtoto, akisikia kikombe kikiwekwa chini taratibu. Baadaye vikombe vikaacha kuja.

Jumapili moja mlango uligongwa mara tatu, bila sauti ya mtu. Jovitha akamkumbatia Koku na kumziba mdomo. Chini ya kiganja chake, midomo ya mtoto asiyewahi kusema neno ikaanza kusogea, polepole, kwa adabu.