Tangazo la Njia ya Nyabiondo

Asubuhi ile Philippe, fundi wa redio, alikuta mashini imerudi tena kwenye version ya zamani. Kwenye Linux, mfumo wa kompyuta ile ya studio, version mbili za programu ya matangazo zinaweza kukaa pamoja. Fundi ndiye anayechagua itakayofunguka. Yeye alichagua mpya. Sasa nani aliirudisha?

"Dada, njo weye uligusa?" akamuuliza Aimée, mtangazaji.

"Miye? Ile mashini iko bibi yako wa ndoa. Mugombane wenyewe."

Aimée akacheka. Philippe hakucheka.

Siku ile wapiganaji walipokata njia ya Nyabiondo, Aimée alikuwa amerekodi onyo. Lakini asubuhi ileile Philippe, kwa kutaka sifa, aliweka version mpya bila kuijaribu, nayo ikakataa kufungua sauti zilizorekodiwa kwa ile ya zamani. Onyo halikutoka. Mama Mbambu, muuzaji wa maharage ambaye hakuwahi kuanza safari bila kusikiliza redio, alisikia kimya, akadhani njia ni salama, akatoka, akauawa. Philippe akaambia watu kwamba groupe, jenereta ya studio, ilizima. Mungu amsamehe, alisema hivyo hata kwenye matanga ya marehemu.

Mchana mvua ikaanguka. Studio ikanuka maharage mabichi na udongo wa kaburi, na kabla Philippe hajafika kwenye kiti, version ya zamani ikafunguka yenyewe, sauti ya Aimée ikatoka, "Musipite njia ya Nyabiondo," na nyuma yake pumzi nzito ya mtu aliyebeba mzigo ikapanda, ikapanda kama inapanda mlima, mpaka ikasimama karibu na sikio lake.

"Nimesikia. Mbona munasema leo?" pumzi ile ikauliza kwa sauti ya Mama Mbambu.

Wakamwita Mama Adelaïde wa kikundi cha maombi. Akanyunyiza maji ya baraka, akainamisha kichwa.

"Huyu iko anangojea neno," akanong'ona. "Papa Philippe, siku ile kulikuwa nini?"

Aimée alikuwa mlangoni, akimtazama.

"Groupe ilizima, Mama."

"Mbele ya Mungu?"

"Ilizima."

Kisha Philippe akafuta version ya zamani kwa mkono wake mwenyewe. Harufu ikaisha. Wanawake wakaimba kwa furaha.

Nje, groupe ikakohoa, ikazima kweli. Taa zikafa, kioo cha mashini kikawa cheusi.

Lakini sokoni redio zote zikaendelea kusema, polepole, kwa sauti ya mwanamke aliyechoka:

"Philippe, sasa imezima. Sema."