Upande Uliolazwa

Jua lilikuwa linazama Fundi aliporudi kutoka duka la dawa na chupa ya pili ya dawa ya usingizi, ambayo moyoni alijua haitafua dafu. Binti yake, Kijino, alikuwa hajalala siku ya nne, tangu baba yake, mume wa Fundi, alipoanguka na kufa mbele ya maikrofoni. Alikaa tu kwenye kochi la studio, chumba cha nyuma ya nyumba yao, macho mekundu, akirudia swali lile lile: Baba ataimba saa ngapi?

Kila jioni baba yake alimwimbia wimbo mmoja wa kumbembeleza, na ndio aliokuwa akiurekodi alipoanguka. Fundi aliutaka wimbo huo kwa udi na uvumba.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Ilikuwa moja, lakini yenye mifumo miwili ya kuiendesha: mpya, ambao yeye aliutumia kuchanganya muziki wa wateja, na wa zamani, ambao marehemu aliung'ang'ania kwa sababu programu yake ya kurekodi haikukubali kwingine. Walitania kuwa hao ni wake wenza, kila mmoja na zamu yake, maana fahali wawili hawakai zizi moja. Mume alikuwa na sharti moja tu, na alilirudia mpaka likachosha. Kabla ya kuhamia upande wa pili, zima huu unaotoka. Usiulaze, yaani usiuache usinzie bila kuzimwa. Uliolazwa bado umeshika kazi yake mkononi, na ukiupokonya hujui utaondoka na nini.

Siku ile ya msiba, kwa kuhangaika, Fundi alikuwa ameulaza ule wa zamani.

Sasa aliujaribu upande wa zamani. Kioo cheusi. Akarudia. Kioo cheusi. Akampigia shemeji yake, aliyeiweka mifumo hiyo, naye akamsihi asilazimishe kitu, angoje afike asubuhi. Lakini mtoto alikuwa anatetemeka, na asubuhi ilikuwa mbali mno. Fundi aliingia upande mpya, akalitafuta faili kwenye diski ya mumewe.

Likatokea... na onyo juu yake. Upande wa pili umelazwa. Faili linatumika.

Linatumika na nani?

Aliangalia urefu wa rekodi. Siku nne, saa mbili, dakika kumi. Alidhani macho yamemdanganya, akaangalia tena.

Dakika kumi na moja.

Harufu ya tangawizi ikajaa chumbani, ile aliyokuwa akitafuna mumewe kulainisha koo. Fundi aliogopa, tena sana. Lakini Kijino aliinua kichwa kwa mara ya kwanza siku hiyo, akanong'ona, "Mama, mfungulie."

Akabonyeza kitufe cha kulazimisha faili lifunguke.

Kwanza ilisikika pumzi. Kisha sauti yenyewe, nzito, ya upole, ikaimba kuanzia pale ilipokatika. Kabla ya ubeti kwisha, kichwa cha Kijino kilikuwa kimelalia mkono wa kochi. Fundi alilia kwa furaha, akamfunika kanga, akamshukuru Mungu.

Wimbo ukaisha. Kwenye spika, mtoto akacheka.

"Baba, ulikaa sana."

Fundi akageuka. Binti yake alikuwa kwenye kochi, mdomo umefumbwa. Akamtikisa. Ana joto, anapumua, ila haamki. Akamwita kwa majina yote ya mapenzi aliyowahi kumpa. Kisha akaupeleka mkono mbio kwenye kitufe cha kuzima.

"Usizime, mke wangu," ilinong'ona spika. "Bado yuko huku."

Hii ni wiki ya tatu. Daktari amekuja mara mbili na hajaona ugonjwa. Shemeji amefunga betri ya akiba umeme usije ukakatika, naye siku hizi haingii chumba kile. Huacha chakula mlangoni. Kompyuta haijazimwa hata dakika moja. Fundi anakaa kati ya kochi na spika, ameshika mkono wa mwanawe, anawasikiliza wakiimba wawili, na hajui kama mumewe, aliposema asizime, alimwonya au alimfunga.

Jana jioni, wimbo ulipokwisha, Kijino aliuliza huko ndani, "Baba, na Mama ataimba saa ngapi?"



 Fundi akainuka, akachomeka maikrofoni.